Dondoo muhimu: Vipuri vya kinanda cha zamani ukiwa Garsen

Kabla ya kupanda basi kwenda Malindi au Mombasa kutafuta vipuri, geuza kinanda usome kibandiko cha chini. Andika modeli, volti, ampea na alama ya ncha ya adapta. Kwenye adapta ndipo vinanda vingi huungua: Yamaha nyingi ndogo hutaka volti 12, chanya ikiwa katikati, Casio nyingi za zamani hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati. Plagi zaweza kufanana kabisa. Adapta yenye ampea zaidi haina madhara, lakini volti zisibadilishwe.

Waya wa sauti ukiwa unakatizakatiza sauti, usikimbilie kununua mpya. Mara nyingi umekatikia karibu na jeki. Fundi wa redio wa Garsen au Hola ataweza kukata kipande kibovu na kulehemu jeki nyingine ya milimita 6.3. Mwombe aupime kwa mita huku ukiuchezesha.

Noti isiyolia huenda ina vumbi kwenye raba yake ya kaboni; isafishe kwanza. Raba mpya ni adimu, kwa hiyo kinanda kibovu cha modeli ileile ni hazina. Kinunue.

Yamaha DX7 ya 1983 hutunza sauti zake kwa betri ya CR2032 iliyolehemiwa ndani. Nakili sauti kabla fundi hajaigusa betri hiyo.

Usichokipata pwani, mwagize mtu Luthuli Avenue, Nairobi, ukimtumia picha ya kipuri na namba zake. Msimu wa mafuriko ya mto Tana, weka kinanda juu, mbali na sakafu.