SARATANI YA UMIO: CHAKULA KIKIKWAMA USINGOJE

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Leo tujifunze kuhusu ugonjwa unaofichwa sana huko kwetu vijijini, nao ni saratani ya umio.

Umio ni ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Kwa mtu mzima ina urefu wa sentimita 25 hivi. Wengi huuita ugonjwa huu kansa ya koo. Jina hilo laweza kumpoteza mtu akanunua dawa ya kikohozi dukani, kumbe shida iko chini zaidi, kifuani.

Dalili
Kwanza ugali au nyama hukwama, mgonjwa akalazimika kuteremshia kwa maji. Baadaye hata uji unapita kwa taabu, na mwili unakonda. Ubaya ni kwamba umio hutanuka. Uvimbe ukiwa mdogo chakula bado kinapita, kwa hivyo mtu hasikii kitu. Siku ugali unapokwama, uvimbe umeshakua. Sasa mtu huyo akikaa nyumbani akisema ni vidonda vya tumbo, au ati amerogwa, miezi inaisha bure.

Uchunguzi
Daktari anaweza kumpa mgonjwa bariamu, dawa nyeupe kama uji, ainywe huku akipigwa eksirei ili ionekane pale njia ilipobana. Lakini kipimo chenyewe hasa ni endoskopi. Mgonjwa huja bila kula, koo hutiwa dawa ya ganzi, kisha mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kupitia mdomoni. Hakuna kupasuliwa. Daktari huchukua vipande vidogo vya nyama vikapimwe maabara, maana macho peke yake hayatoshi kuthibitisha saratani. Ikithibitishwa, mgonjwa hupigwa picha ya skani kuona kama imeenea.

Matibabu
Ikigunduliwa mapema kabisa, uvimbe waweza kuondolewa kwa mpira huo huo. Ikiwa imeingia ndani zaidi lakini haijaenea mbali, sehemu ya umio hukatwa na tumbo likavutwa juu kuunganishwa. Mara nyingi dawa za saratani na tiba ya miale hutangulia upasuaji. Ikiwa imeenea, huwekwa stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachojitanua ndani ya umio. Stenti haiponyi, lakini mgonjwa anaweza kumeza tena. Hospitali ya Tenwek kule Bomet inajulikana sana kwa kazi hii. Huko ugonjwa huu umepatikana hata kwa vijana wasiofika miaka 30, kwa hivyo tusiseme ni wa wazee tu.

Kinga
Tuepuke sigara na pombe. Chai nayo tuiache ipoe kidogo. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii.

Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati, kwani kila jioni tunakula pamoja na wazee wetu. Ukiona babu ameacha ugali na anaomba uji kila siku, muulize kwa heshima, "Babu, chakula kinakwama?" Akikubali, mwambie baba au mama apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.