Mwalimu Anapotaka Shahada ya Uzamili ya Mitaala

Januari 2024 shule za Tanzania Bara zilianza kutumia mitaala mipya kwa awamu, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Mihtasari ikabadilika, vitabu vikabadilika, na walimu wakabaki na maswali ambayo semina ya siku chache haimalizi. Kwa nini mada hii imetolewa Kidato cha Pili? Umahiri unapimwaje katika darasa la wanafunzi 90? Nani aliamua, na alitazama nini? Shahada ya uzamili ya mitaala na ufundishaji ipo kwa ajili ya maswali ya namna hiyo. Kijitabu hiki ni cha mwalimu anayefikiria kuisomea.

Utakachosoma

Mapema utakutana na Ralph Tyler, Mmarekani aliyeandika mwaka 1949 kwamba mtaala hujengwa kwa maswali manne: shule inalenga nini, mwanafunzi apitie mambo gani ili alifikie lengo, mambo hayo yapangwe vipi, na tutajuaje kama lengo limefikiwa. Mwalimu anayejaza andalio la somo huyajibu yote manne kila siku, hata kama hajawahi kusikia jina la Tyler. Mwaka 1962 Hilda Taba alitaka kazi ya kuunda mtaala ianzie kwa mwalimu darasani, ndipo ipande juu. Mwaka 1975 Lawrence Stenhouse wa Uingereza alisisitiza kuwa mwalimu awe mtafiti wa ufundishaji wake mwenyewe.

Usikubali kozi inayoishia hapo. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, husomwa zaidi kama andiko la siasa, lakini ni hoja ya mtaala tangu mwanzo hadi mwisho: inakataa shule ya msingi iwe ngazi tu ya kuwapandisha wachache kwenda sekondari. Toleo la sera la 2023 lilipoweka mkondo wa amali katika sekondari, mjadala ule ulirudi mezani. Tazama pia mabadiliko ya 2005, mtaala wa sekondari ulipohamishwa kutoka kwenye maudhui kwenda kwenye umahiri. Karatasi zilibadilika upesi. Ubaoni notisi ziliendelea kunakiliwa. Kuwalaumu walimu kwa hilo ni rahisi mno. Madarasa yalikuwa yamefurika, vitabu haba, na mtihani wa taifa uliendelea kuamua kinachofundishwa.

Tasnifu

Hapa ndipo wengi hukwama. Masomo ya darasani huisha, wenzako hutawanyika, unabaki na msimamizi mwenye wanafunzi wengine kibao. Anayeingia chuoni bila swali hupoteza muda mrefu akibadilisha mada. Ndiyo maana tunashauri swali litangulie maombi, tena litoke shuleni kwako.

“Changamoto za utekelezaji wa mtaala Tanzania” si swali. Ni kichwa cha semina. Swali ni hili: wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliosoma msingi kwa Kiswahili wanaelewa nini katika maelekezo ya jaribio la baiolojia yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu wao hufanya nini anapoona hawajaelewa? Swali hilo lina watu, lina mahali, na data yake unaweza kuikusanya kwa kukaa darasani na kusoma madaftari. Utafiti tendaji, ambao mwalimu hujaribu mbinu katika darasa lake na kufuatilia matokeo, unamfaa sana mtu anayeendelea na kazi.

Biashara ya kuandikiwa tasnifu ipo, na wala haifichwi sana. Chuo kikigundua kinaweza kukunyang’anya shahada hata baada ya mahafali. Hata kisipogundua, umelipa ada ili mtu mwingine ajifunze.

Kuingia, ruhusa na ada

Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza ya elimu yenye daraja la pili. Mwenye shahada ya fani nyingine kwa kawaida hupitia kwanza stashahada ya uzamili ya elimu. Programu huchukua takriban miaka miwili. Asiyeweza kuondoka kituoni aangalie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 mahususi kwa elimu ya masafa.

Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla ya kuripoti chuoni, barua ikipitia kwa mkuu wa shule. Kuondoka kwanza na kuomba baadaye ni kosa la kinidhamu. Hesabu ya fedha isiishie kwenye ada: weka nauli, uchapaji, intaneti na gharama za kukusanya data.

Je, inakufaa?

Kama shabaha yako ni ukuu wa shule au uafisa elimu, shahada ya uongozi na utawala wa elimu inakaribia zaidi kazi hiyo. Hii ya mitaala inamfaa anayetaka kuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, mkuza mitaala, mwandishi wa vitabu vya kiada, mthibiti ubora wa shule, au mwalimu bora pale pale alipo. Usiisomee kwa matumaini kuwa mshahara utapanda siku utakayowasilisha cheti. Kupanda daraja hufuata muundo wa utumishi na nafasi zilizopo.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, hakiki kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba chuo na programu yenyewe vina ithibati. Ukisoma nje ya nchi, shahada yako itahitaji kutambuliwa na Tume hiyo ndipo itumike nchini.