Baada ya arobaini, mama anayenyonyesha anakula nini?



Katika nyumba zetu nyingi hapa mjini, mwanamke akijifungua huhudumiwa vizuri. Mama yake au shangazi huja kukaa naye, supu huchemshwa, mtori hupikwa, na uji wa pilipili manga haukosekani. Zikitimia siku arobaini, mgeni hufunga mizigo yake na mzazi hurudi jikoni. Kuanzia hapo asubuhi yake ni chai ya rangi na andazi, na mchana anakula kilichobaki baada ya wengine kushiba. Mtoto akilia usiku, watu husema maziwa hayatoshi, na baba hutumwa dukani kununua maziwa ya kopo.

Hebu turejee katika Qur'an. Katika Suratul Baqarah, aya ya 233, Allah (s.w.) ametaja muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza. Katika aya hiyo hiyo akaweka juu ya baba jukumu la chakula na mavazi ya mama huyo, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo. Wapo wafasiri walioieleza kuwa inamhusu hasa mama aliyetalikiwa. Basi tujiulize: ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, mke aliye ndani ya nyumba atakosaje? Arobaini ni desturi yetu, lakini jukumu la baba haliishi siku ya arobaini.

Elimu ya lishe nayo inatuonyesha hekima ya jambo hili. Mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine hutoa takriban robo tatu ya lita ya maziwa kwa siku. Kwa kazi hiyo mwili wake unahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku, yaani kama mlo mmoja mdogo wa ziada.

Watu wengi hudhani kuwa mama akila vibaya maziwa yake huwa maji matupu. Sivyo. Hata mama maskini hutoa maziwa yanayomfaa mwanawe, kwa sababu mwili wake hujinyima ili mtoto apate. Chokaa ya maziwa, kwa mfano, huweza kuchotwa katika mifupa yake mwenyewe. Kwa hiyo anayeanza kulipa gharama ni mama: uchovu, kizunguzungu, upungufu wa damu.

Hata hivyo, vipo virutubisho ambavyo vikipungua kwenye sahani ya mama hupungua pia kwenye maziwa, na mtoto huathirika:

1. Vitamini A, ya macho na kinga ya mwili. Hupatikana kwenye maini, mayai, mchicha, matembele, karoti, maboga na maembe.

2. Vitamini za kundi B. B1 imo kwenye maharage na dona, lakini nyingi hupotea nafaka inapokobolewa kuwa sembe nyeupe. B12 hutoka kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Mtoto akiikosa, ukuaji na mishipa yake ya fahamu hudhurika.

3. Madini joto, ya ubongo. Tununue chumvi iliyowekwa madini hayo.

4. Mafuta ya samaki, yanayosaidia ubongo na macho. Dagaa na vibua vinatosha, si lazima changu.

Ama wingi wa maziwa hutegemea zaidi kunyonya kwa mtoto. Kadiri anavyonyonya ndivyo mwili unavyotengeneza. Ukimpa chupa, atanyonya kidogo na maziwa yatapungua kweli. Kabla ya kukimbilia kopo, tazama kadi ya kliniki kama uzito unapanda, na kama mtoto anakojoa mara sita au zaidi kwa siku. Uzito usipopanda, mpeleke kwa mganga. Katika miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama pekee yanamtosha. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya.

Wengine watasema hali ni ngumu. Ni kweli, na Allah hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Lakini pima gharama ya kopo moja kwa mayai, dagaa na maharage ambayo fedha hiyo ingenunua. Vyakula hivyo vinawalisha wawili kwa pamoja.

Ukifika mwezi wa Ramadhani, baba akumbuke kuwa sheria imempa mama anayenyonyesha ruhusa ya kufungua iwapo anahofia nafsi yake au mwanawe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, akifungua kwa kumhofia mtoto peke yake, atalipa siku hizo na kutoa fidia. Asionewe haya kwa kuitumia ruhusa hiyo.

Ndugu zangu akina baba, leo jioni kabla ya kuuliza kwa nini mtoto analia, itazameni kwanza sahani ya mama yake. Na katika kugawa chakula, mnofu usiishie kwako wakati yeye anachovya mchuzi. Hiyo ni sehemu ya malezi, na tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.