Fahamu Kilichomo Katika Mafuta ya Kivumbasi

Wengi wetu hapa Kosele tunakijua kivumbasi, kile kichaka chenye harufu kali ambacho majani yake hufukizwa jioni kufukuza mbu. Lakini jina hilo hubeba mimea kadhaa, na mafuta yake hayafanani.

Chukua aina mbili. Ocimum gratissimum, inayoota Kenya, mara nyingi huwa na eugenoli kwa wingi, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Afrika Magharibi, mmea huohuo mara nyingi hutoa thimoli, ambayo ndiyo harufu ya zaatari. Aina ya pili, Ocimum kilimandscharicum, huwa na kafuri. Hii ndiyo inayolimwa na kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega. Majani hupitishiwa mvuke, mafuta yakatengwa na maji, kisha hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Waliowasaidia ni watafiti wa icipe, taasisi yenye kituo hapa kwetu Mbita. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator.

Sasa tuje kwenye neno ambalo wachuuzi wa dawa wanalipenda: antioksidanti. Mwanika omena anajua kwamba omena iliyokaa sana hubadilika rangi na kutoa harufu mbaya. Hewa imeshambulia mafuta yake, na kila chembe iliyoharibika huharibu jirani yake. Eugenoli na thimoli ni fenoli: huipa chembe iliyoharibika atomu ya haidrojeni, ikatulia, na uharibifu ukakoma hapo. Kafuri si fenoli, kwa hiyo kazi hiyo haiiwezi vizuri, hata kama harufu yake ni kali zaidi. Pua haipimi antioksidanti.

Tena, mafuta kufanya vizuri kwenye maabara si ushahidi kwamba yanatibu kisukari au "kusafisha damu". Usiyanywe. Eugenoli nyingi huumiza ini, na kafuri ikimezwa, hata kidogo, yaweza kumletea mtoto degedege. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe dawa yenye kafuri, hasa karibu na pua. Akimeza, usimtapishe, mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na ubebe chupa yenyewe ili mhudumu ajue alichokunywa.