Dondoo muhimu: Kampuni inakua, watu wanaondoka

Kwa mwajiri wa Tanzania ambaye kampuni yake inapanuka huku wafanyakazi wakiingia na kutoka:

1. Tangaza mwenyewe kwamba fulani anaondoka, kabla habari haijafika kantini. Taja tarehe na atakayeshika kazi zake. Sababu zake usizitoe bila ridhaa yake.
2. Usimseme vibaya aliyeondoka; waliobaki wanajua zamu yao itafika.
3. Muulize anayeaga kwa nini anaondoka, lakini asiulizwe na msimamizi wake. Huenda huyo ndiye sababu.
4. Anza makabidhiano siku barua ya kuacha kazi inapopokelewa: nywila, wateja, madai, funguo. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, usizipoteze ukisubiri wiki ya mwisho.
5. Usiwagawie waliobaki kazi za aliyeondoka kimyakimya. Sema ni kwa muda gani, na posho ipo au haipo.
6. Usiahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa kama hesabu hujazifunga.
7. Ukilazimika kupunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka utoe notisi ya kusudio, ueleze sababu na ushauriane nao kwanza. Kuwaita watu na kuwasomea majina yaliyokwisha kuamuliwa si mashauriano, na ni kuwavunjia heshima.
8. Lipa stahiki na utoe cheti cha utumishi bila njoo-kesho.
9. Mabadiliko ya vyeo yaandike, kisha uyabandike ubaoni.