Mashine Nne Kwenye Laptopu Moja
Mawingu ya Kilimanjaro tunayaona bure. Yale ya seva yanalipiwa kwa dola. Ndiyo maana hapa geto, Moshi, chanzo changu cha matukio nakijaribu kwa vcsim, programu inayojifanya vCenter kwenye 127.0.0.1:8989. Ikiwaka tu, unakuta mashine pepe nne za kuigiza. Nazima DC0_H0_VM0 kwa govc, kisha naangalia kama VmPoweredOffEvent imefika ikiwa na id, source, type na specversion. Ikikosa hata moja, hiyo si CloudEvents.

Mtihani wenyewe, wanangu, ni umeme kukatika. Zima chanzo, zima mashine nyingine, halafu washa chanzo tena: tukio limepotea, au limekuja mara mbili? Ila vcsim usiizime, matukio yake yanakaa kwenye RAM.