Pete ya Shokomzoba Ikikataa Kuzunguka



Katika somo la leo tunataka kuongea juu ya kitu kidogo ambacho vijana wetu wa bodaboda hapa Reuben hukisahau mpaka siku kinapowakatalia. Ni ile pete yenye ngazi kwenye shokomzoba za nyuma. Ukibeba mtu mwepesi unaiweka ngazi ya chini; ukibeba mzigo unaipandisha ili springi ikazike.

Mwanachama mmoja wa kikundi chetu cha akiba alikaa miezi mingi bila kuigusa. Mvua ikaja, na matope yetu mnayajua. Siku alipotaka kupandisha, upande mmoja ulizunguka, wa pili ukakataa. Akachukua tindo na nyundo, pete ikapasuka. Pikipiki ililala siku tatu, na mkopo haujui kulala.

Unapata kwamba maji ya matope huingia katikati ya pete na chuma, yanaleta kutu, na kutu hufura kuliko kile chuma ilichokula. Hapo pete inabanwa kabisa.

Basi tufanyeje? Sugua pete kwa mswaki mzee, maji na sabuni. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari ni ya haraka, lakini ikielekezwa karibu inatoa grisi na kusukuma mchanga ndani. Pikipiki ikikauka, isimamishe kwa stendi ya katikati, uzungushe pete ngazi zote kwa spana yake ya ndoano, kisha uirudishe ilipokuwa. Fanya hivyo kila mwezi, na wakati wa mvua kila wiki. Paka grisi kidogo tu, kwa maana ikizidi inashika vumbi, na hilo vumbi linasaga kama msasa.

Ikiwa imeshashika, tia mafuta ya kulegeza kutu ulale nayo usiku mzima. Yasiguse breki wala mpira. Asubuhi igonge polepole ukiizungusha. Moto usithubutu: ndani mna mafuta, na nyingine zina gesi iliyoshindiliwa, zinaweza kulipuka.

Na kama upande mmoja bado unakataa, weka ule mwingine ngazi ileile mpaka umwone fundi, kwa sababu pande mbili zikitofautiana pikipiki huyumba kwenye kona, na abiria yuko nyuma yako.